Kioo Tulichosaga kwa Wimbo wa Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na jiwe langu kichwani. Mtacheka, vijana, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliyeajiriwa kusaga wimbi alikuja na jiwe lake mwenyewe, na mimi langu nililibeba kutoka stesheni ya reli hadi shule ya misheni iliyokuwa nje kidogo ya Sisibo, maana Eldoret tuliita hivyo siku zile. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni, mwingine ananifuata akilia kwamba miguu imemwisha. Mpishi mkuu wa shule alinitazama kutoka juu mpaka chini, akauliza kama mimi ndiye yule mjane kutoka Maragoli. Nikamwambia ndimi, na kama ana wimbi alilete, maneno mengine tutaongea baadaye.

Naitwa Rasoa. Mume wangu alikuwa kibarua wa kulaza mataruma ya reli, akafa kwa kichomi msimu wa mvua, akaniachia Yohana na Ruti. Matanga yalipoisha wazee wa ukoo walikaa, wakaamua nirithiwe na ndugu yake mdogo. Sitamsema vibaya Shemeji. Hakuwa mlevi, hakuwa mkali, na desturi yetu ilikuwa hiyo. Lakini alikuwa na wake wawili tayari, mimi nilikuwa nimefunga ndoa ya kanisa, na kubwa kuliko yote, sikumtaka. Nikaomba niachwe nifanye kazi mjini nilishe watoto wangu. Shemeji akafikiri, akasema mbele ya wazee kwamba hana neno, nifanye kazi nitakavyo, ila siku nitakayokosa kazi atakuja kunichukua mimi na watoto wa kaka yake. Wazee wakaitikia.

Kwa hiyo mnielewe vizuri. Wengine walifanya kazi kwa ajili ya mshahara. Mimi nilifanya kazi ili nisiwe mke wa tatu.

Jikoni tulikuwa wasagaji wawili, mimi na Berita, mwanamke wa kwetu mwenye kifua cha kuimba mpaka ng'ambo ya mto Sosiani. Kusaga kuna ufundi wake. Jiwe la chini ni kubwa na limelala, la juu ni dogo unalishika kwa mikono miwili. Unasukuma kwa uzito wa mwili, si kwa mabega, na unarudisha bila kukandamiza. Ukikandamiza wakati wa kurudisha, unga unakuwa na mchanga na wanafunzi wanalalamika. Ili mikono isichoke tuliimba. Berita alianzisha, mimi nikaitikia, na pale neno zito lilipoangukia ndipo tuliposukuma kwa nguvu zaidi. Wimbo ulikuwa ndio saa yetu na ndio nguvu yetu. Nilisaga hivyo miaka kadhaa, na Shemeji akawa anatuma salamu tu.

Halafu ikaja posho mili. Kinu cha injini, kinanguruma na kutoa moshi, kinasaga gunia zima la mahindi kabla hujamaliza kufunga lesso. Walimu walitoka madarasani kukitazama, wanafunzi wakapiga makofi. Mimi na Berita tulisimama mlangoni tukijua hayo makofi ni ya kutuaga. Habari za reli zilikuwa zinakwenda haraka kuliko treni yenyewe, na kabla mwezi haujaandama nikapata ujumbe kutoka nyumbani kwamba Shemeji amesikia, na ameanza kunijengea nyumba.

Mwalimu Mkuu akatuita. Alikuwa Mwingereza mrefu, mnyamavu, aliyejifunza Kiswahili kwa watu wa pwani kabla ya kuja bara, kwa hiyo alikiongea kwa adabu nyingi mpaka tukaona haya. Nilidhani anatuaga. Badala yake akachora duara kwenye ubao, akaanza kutueleza habari za darubini.

Yeye alikuwa anafundisha wanafunzi habari za nyota kutoka kitabuni, na alichoka kufundisha kitu ambacho hakuna aliyekiona. Darubini kutoka Ulaya haikupatikana, maana vita vilikuwa vimepamba moto na meli zilibeba bunduki, hazikubeba vitu vya shule. Lakini alijua inawezekana kuitengeneza. Roho ya darubini ya aina ile, alisema, si bomba wala miguu yake. Ni kioo kimoja cha duara kilichobonyea katikati kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha. Ubonyeo huo ndio unaokusanya mwanga wa nyota na kuuleta mahali pamoja. Na ubonyeo huo haupatikani kwa mashine, unapatikana kwa kusaga kioo juu ya kioo kwa mchanga na maji, kwa subira.

"Mama Yohana," akaniuliza, "waweza kusaga kioo?"

Nikamwambia alete.

Hakunificha lakini. Bodi ya shule ilikuwa na Mwenyekiti wake, mlowezi, Kaburu mwenye shamba kubwa Ainabkoi, na huyo alikuwa ameshasema kwamba haoni sababu ya kuwaweka wanawake wawili wachezee vioo. Mwalimu Mkuu alimwomba mpaka mavuno ya mahindi yaishe. Bodi ikikutana baada ya mavuno, Mwenyekiti ataangalia mwenyewe. Akiona nyota vizuri, mimi na Berita tutaandikwa kazi ya kudumu katika karakana. Asipoona, tufunge mizigo. Nami nikajua kuwa Shemeji naye angekuja wakati huohuo, akishavuna.

Karakana ilikuwa chini ya Mzee Kiptoo, Mkeiyo kutoka upande wa Kaptagat, seremala hodari na mtu wa kununa. Alitupokea kwa kutuonyesha mstari wa chaki sakafuni. Upande huu ni wake, upande ule ni wetu. Randa zake tusiguse, gundi yake tusiguse, na hapa si jikoni. Berita akamuuliza kama hewa ni ya upande gani. Hakucheka.

Kioo chenyewe tulikipata kwenye duka la Mhindi wa vitambaa, mjini. Alikuwa na kaunta ya kioo kinene kama ngumi ya mtoto, na mkulima mmoja alikuja amekasirika, akabwaga ulimi wa plau juu yake, kaunta ikapasuka. Mhindi alikuwa bado anaisikitikia wakati Mwalimu Mkuu alipomwomba vipande. Mzee Kiptoo ndiye aliyekata maduara mawili, kila moja upana wa sahani ya wali. Alichukua kopo kubwa la duara lisilo na kitako, akalisimamisha juu ya kioo, akawa analizungusha huku na huku kwa mkono, sisi tukitia mchanga na maji chini ya ukingo wake. Bati laini halikati kioo, mchanga ndio unaokata. Ilichukua siku nyingi, na alinuna zote.

Sasa sikilizeni jinsi ya kusaga. Unachukua pipa, unalijaza mawe lisiyumbe. Juu yake unaweka duara moja na kulibana kwa vipande vya mbao. Unamwaga mchanga na maji, unalaza duara la pili juu yake, halafu unasukuma la juu mbele na nyuma. Kila baada ya misukumo michache unapiga hatua moja kulizunguka pipa, na unakizungusha kidogo kioo mkononi. Kwenye jiwe la wimbi, la chini ndilo linalobonyea. Huku mambo ni kinyume: kioo cha juu ndicho kinachobonyea na cha chini kinatuna. Nilipoelezwa hivyo nilibisha waziwazi, mpaka nilipoona kwa macho yangu.

Mchanga tuliutoa Sosiani. Tuliuchuja kwa maji, yaani unakoroga ndani ya debe, ule mzito unatua kwanza, unamimina yale maji machafu kwenye debe lingine, unangoja tena. Kila debe lilitoa mchanga mwembamba kuliko la kwanza. Ulipokwisha wembamba wa mto, gereji moja mjini ilitugawia mabaki ya dawa ya kusugulia valvu za lori, ambayo ni laini kama unga wa muhogo. Tuliosha mikono mpaka kwenye viwiko kila tulipobadili debe, kwa sababu punje moja nene ikibaki inachora mfereji na unaanza upya.

Mmoja alisukuma, mwingine alitia mchanga na kuitikia wimbo. Wimbo ulikuwa ule wetu wa wimbi. Mzee Kiptoo alilalamika kwamba kichwa kinamuuma, nasi tukaimba kwa sauti zaidi.

Kioo kikabonyea. Nakwambia, niliweka rula juu yake nikaona mwanga ukipita katikati, nikamwita Berita, tukakumbatiana na mikono yetu yote matope. Kilichobaki ni kung'arisha, maana kioo kilichosagwa ni cheupe kama barafu, hakionyeshi kitu. Hapa Mzee Kiptoo akatushangaza. Bila kuombwa alileta nta kutoka kwa ndugu zake waliotundika mizinga ya nyuki katika msitu wa Kaptagat, akaichanganya na utomvu wa miti, akaimwaga ya moto juu ya kioo cha chini. Alisema hataki tu tuharibu kazi aliyoikata kwa mkono wake. Juu ya nta hiyo tulipaka udongo mwekundu uliochujwa mpaka ukawa kama poda, tukasukuma tena, na kidogo kidogo kioo kikaanza kung'aa.

Mwalimu Mkuu alikipima stoo, mahali pasipo dirisha. Aliwasha taa ya chemli, akaifunika kwa kopo lenye tundu la sindano. Mwanga ulitoka tunduni, ukaenda mpaka kwenye kioo ukutani, ukarudi, naye akauangalia kwa kioo cha miwani. Kioo kizuri kinarudisha nukta ikiwa nukta. Chetu kilirudisha punje ya mchele.

Alikigeuza kioo. Punje nayo ikageuka. Basi ubovu haukuwa kwenye taa wala kwenye macho, ulikuwa ndani ya kioo. Kilikuwa kimesagika zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa kiasi kidogo ambacho kidole hakiwezi kukijua, lakini nyota ingeonekana kama mstari, na sayari kama yai lililokanyagwa. Mwalimu Mkuu alikaa juu ya gunia la maharagwe, akavua miwani. Alituambia kwa upole kwamba tumejitahidi sana.

Mahindi mashambani yalikuwa yameanza kukauka. Nilitoka nje nikalia, sikujificha. Sikulilia kioo. Niliiona ile nyumba aliyonijengea Shemeji, niliuona hata mlango wake.

Tulirudi kwenye mchanga. Tulisaga upya, tukang'arisha upya, tukarudi stoo. Punje ya mchele ikatungoja palepale. Sasa Berita naye akaanza kusema labda kioo cha kaunta kina laana ya yule mkulima. Mwalimu Mkuu akaulaumu mchanga, mimi nikalilaumu pipa, na tukaanza mara ya tatu kwa sababu hatukujua la kufanya lingine.

Aliyejua ni Mzee Kiptoo. Alikuwa upande wake wa chaki akipiga randa ubao, akaacha ghafla. Akapiga tena, akaacha. Mwisho akaja upande wetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila shughuli maalumu.

"Randa yangu inafuata wimbo wenu," akasema. "Sipendi, lakini inafuata. Endeleeni. Msinitazame."

Tukaimba. Mimi nasukuma na kulizunguka pipa, Berita anaitikia, na Mzee Kiptoo amechuchumaa kwa chaki mkononi. Kila neno zito lilipoanguka alichora alama pale niliposimama. Nilizunguka pipa, nikazunguka tena, nikazunguka tena. Alipotuambia tunyamaze tukaangalia chini. Alama zilikuwa zimejaa mahali pawili panapoelekeana kwa pande mbili za pipa, na kwingine kote sakafu ilikuwa safi.

Mnaona jambo lenyewe? Wimbo wetu ni wa nne nne: hatua moja kwa kila mstari, na neno zito liko kwenye mstari wa nne. Kulizunguka pipa kulinichukua hatua nane. Kwa hiyo neno zito lilikuwa linaangukia sehemu zilezile kila mzunguko, na pale ndipo nilipokandamiza kwa mwili wote, kama nilivyofundishwa na mama yangu. Hata mkono wangu uliogeuza kioo uliufuata wimbo. Kioo kililiwa palepale, siku zote, na kadiri tulivyoimba vizuri ndivyo kilivyopinda vizuri.

Mzee Kiptoo akasema basi tunyamaze, amekuwa akisema hivyo tangu mwanzo. Nilikasirika, nikamwambia kusaga bila wimbo hakuna. Tukajaribu hata hivyo, na nilikuwa nimesema kweli: baada ya muda mfupi mabega yanauma, tunasimama kuongea, hatua zinapotea, mmoja anakandamiza na mwingine anapapasa. Yeye mwenyewe aliona. Aliegemea benchi lake, akakohoa.

"Kuna wimbo wetu wa kurudisha ng'ombe jioni," akasema. "Huo ni wa tano tano. Ng'ombe hatembei kwa hesabu yenu."

Akauimba. Yule mtu wa kununa, jamani, alikuwa na sauti. Tukashika maneno kwa shida, Kikeiyo kikitoka kinywani mwetu na Kimaragoli chote ndani yake, na Mzee Kiptoo akacheka mpaka akakaa chini. Alisema tunamwambia ng'ombe avae kofia. Halafu akachukua chaki, mimi nikazunguka pipa kwa wimbo wa ng'ombe, na alama zake zikatembea. Moja hapa, nyingine kule, nyingine nyuma yangu, mpaka pipa likazungukwa na alama pande zote. Nilipoziona niliruka. Nilimshika mkono mbele ya Berita na wanafunzi waliokuwa dirishani, na hakuutoa.

Tulisaga kwa wimbo huo mpaka mahindi yalipoanza kuvunwa, kisha tukang'arisha kwa huohuo. Mstari wa chaki sakafuni ulifutika kwa miguu yetu na hakuna aliyeuchora tena. Siku ya kupima Mwalimu Mkuu aliinama kwenye kile kioo cha miwani, akarudia kuangalia mara ya pili. Nikamwambia aseme tu, hata kama ni mchele. Akanivuta niangalie mwenyewe. Ilikuwa nukta. Nukta ya mviringo, kali, imetulia.

Kioo kilichong'arishwa bado hakijawa kioo cha darubini mpaka kipakwe fedha. Mpiga picha mmoja mjini alitugawia chumvi ya fedha aliyotumia kwenye kazi yake. Ilitosha mara moja tu. Nilikiosha kioo kwa majivu na maji ya mvua, nikakataza mtu yeyote aliyekula nyama asikaribie, kwa sababu mafuta kidogo ya kidole yanazuia fedha kushika. Kwenye baraza, mchana mweupe, Mwalimu Mkuu akachanganya ile chumvi na maji ya amonia, akatia maji ya sukari, akamwaga juu ya kioo. Mchanganyiko ukawa mweusi kama chai iliyosahauliwa motoni. Berita akafumba macho. Tulipomwaga yale maji, kulikuwa na nyuso zetu nne zinatuangalia kutoka chini, safi kabisa, kubwa kupita kiasi, na Mzee Kiptoo akashika ndevu zake akasema hakujua amezeeka hivyo.

Bomba alilitengeneza yeye kwa mbao za mutarakwa, yaani mwerezi wa milimani, na chini yake akaweka kitovu cha gurudumu la gari la ng'ombe, hivyo darubini ilizunguka kwa kidole kimoja.

Siku ya Bodi, Shemeji alishuka kwenye treni ya mchana. Alikuwa amevaa koti zuri, na mkononi alikuwa na gunia jipya la kufungia vyombo vyangu. Alisalimia watoto, akawapa miwa, akaniambia nyumba imekwisha, imeezekwa vizuri. Nilimkaribisha chai. Nilimwambia asubiri mpaka jua lizame, na yeye, kwa uungwana wake, akasubiri.

Mwenyekiti alikuja kwa lori lake jua likikaribia kuzama. Bodi iliongea mambo yao mpaka giza lilipoanza, wakatoka uwanjani. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaielekeza darubini kwenye Zohali, ile sayari yenye pete. Wanafunzi walisimama upande mmoja, wapishi upande mwingine, Shemeji nyuma yao na gunia lake.

Mwenyekiti aliinama akaangalia. Akainuka, akaenda mpaka mdomo wa bomba, akaingiza mkono ndani akapapasa, maana alidhani tumebandika picha. Akarudi akaangalia tena. Sayari ilikuwa imekwisha kuhama, kama zinavyohama zote ukizingoja, na Mwalimu Mkuu akasogeza bomba kidogo kuifuata. Hapo ndipo Mwenyekiti alipovua kofia. Aliangalia, aliangalia, mpaka wenzake wa Bodi wakaanza kukohoa.

Aliongea Kiswahili cha shamba, kama wenzake wote.

"Nani natengeneza hii?"

Mwalimu Mkuu akatuonyesha sisi watatu, akaniweka mimi mbele. Mwenyekiti akanitazama.

"Huyu bibi ya nani?"

Nikamsikia Shemeji akisafisha koo nyuma ya wapishi. Alikuwa anakuja mbele, na kwa desturi yetu ilikuwa haki yake kujibu. Kama angejibu, neno lingekuwa limesemwa mbele ya watu wote na lisingerudi. Sikumngoja.

"Mimi si bibi ya mtu, Bwana Mwenyekiti," nikasema. "Mimi ni fundi wa kioo wa shule hii."

Mwenyekiti aliangalia tena kwenye darubini kana kwamba jibu lake limeandikwa huko juu. Alipoinuka alikuwa anacheka.

"Basi fundi nakaa hapa," akasema. "Na ile mwenzake nakaa. Halafu natengeneza ingine, ya mimi, ya Ainabkoi."

Berita alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka Ainabkoi kwenyewe. Wanafunzi wakaanza kuimba, na waliimba nini? Wimbo wa ng'ombe, na Mzee Kiptoo akauongoza. Nilicheza. Nilicheza mbele ya Bodi nzima, nikiwa na aproni yenye madoa mekundu, na sijutii hata hatua moja.

Watu walipoangalia kwa zamu yao nilimwita Shemeji naye aangalie. Aliinama, akashikilia koti lake lisiguse bomba. Alikaa hapo sana. Akasema polepole, "Ina pete kweli." Halafu akanigeukia, akaniambia kwamba hata nikikaa mjini mimi bado ni wa kwao.

"Ni wa kwenu, Shemeji," nikamwambia. "Lakini si wako."

Aliondoka na treni ya asubuhi, gunia limekunjwa kwapani. Watoto walimsindikiza mpaka stesheni.

Nilifanya kazi hiyo mpaka mikono ilipokataa. Wakuu wa shule walibadilika. Wa pili alikuwa mtu wa sheria, alitaka tusage bila kuimba, tukampa kioo kimoja tulichosaga kimya akakipima mwenyewe, akaturuhusu kuimba. Wa tatu alinituma shule moja ya Kaptagat nianzishe karakana ya vioo, nikakaa huko miaka kadhaa kwenye baridi ya msitu, nikarudi. Tulisaga vioo kutoka vitako vya mitungi ya peremende, kutoka taa kubwa za lori, na kimoja kutoka dirisha la bafu la mzungu aliyehama. Kile cha Mwenyekiti tulikisaga pia, na kilikuwa kizuri kuliko cha shule, nasema hivyo ingawa Mzee Kiptoo alibisha mpaka kufa kwake. Yohana akawa mwalimu, Ruti akawa nesi, na hakuna aliyelala njaa kwangu.

Mnaniuliza ninyi vijana, kila mnapokuja kunitembelea, ni kitu gani ninachojivunia. Mnatarajia niseme ile sayari. Ilikuwa nzuri, ndiyo. Lakini nitawaambia lingine.

Miaka mingi baada ya siku ile ya Bodi, Shemeji alikuja tena Sisibo. Ndevu zilikuwa nyeupe, na safari hii hakuja na gunia. Alikuja na binti yake wa mwisho, aliyekuwa amefiwa na mume, hana mtoto, na ukoo wa mume ulikuwa umeshaanza vikao vyao. Alisimama kwenye mlango wa karakana, kofia mkononi. Alingoja nimalize kusukuma.

"Huyu nimemleta kwako," akasema. "Umfundishe kazi. Sitaki arithiwe na mtu."

Nilimpa maji ya kunawa, nikamwonyesha pa kusimama. Ndiye aliyekuwa msaidizi wangu mpaka mwisho, na ana mkono mwepesi kunishinda, naungama. Siku niliyostaafu nilimkabidhi yeye funguo za karakana mbele ya shule nzima, na baba yake, amekalishwa mstari wa mbele, alipiga makofi kuliko watu wote.